Mate ya Polikarpo

Edna ndiye aliyegundua kwanza kwamba mumewe anatafuna upande mmoja. Polikarpo, mkulima wa mpunga wa Mofu, mtu wa kumaliza sahani kabla wenzake hawajanawa, sasa alikuwa akisubiri chai ipoe kabisa ndipo ainywe.

"Ni jino tu, Mama Gladness."

"Fungua mdomo."

Ndani ya shavu, pale alipozoea kubana tumbaku tangu ujana, palikuwa na doa jeupe lenye kidonda katikati. Kesho yake Edna alimpandisha lori la mpunga hadi Ifakara, wala hakumwachia mkono mpaka walipoingia hospitali.

Mwaka huo, 1998, Daktari Hilary alikuwa akifanya utafiti. Alipomaliza kumkagua, alimpa kichupa.

"Mzee, naomba mate humu. Huenda saratani ya kinywa ikianza, mate hubadilika mapema, yakatutahadharisha. Ila bado tunajifunza. Kwa hiyo nitakata na kinyama kidogo, kikapimwe Dar es Salaam."

Polikarpo aliposikia neno saratani, kinywa kilimkauka. Akahangaika na kichupa. Halikutoka hata tone. Na kula alikatazwa mpaka mate yapatikane.

Edna akasogeza kiti. "Unakumbuka ulipokuja kwetu Kisawasawa kuposa? Mama akakuletea embe bichi, limepakwa chumvi na pilipili. Ukajifanya shujaa. Ulipong'ata tu, jicho likajifumba lenyewe..."

"Nyamaza, wewe!" Polikarpo alicheka, mate yakamjaa. Akainamia kichupa haraka. Daktari naye alionekana akimeza mate.

Majibu ya kile kinyama yalirudi baada ya wiki tatu: saratani, lakini bado changa. Mate yalibaki kwa ajili ya utafiti. Polikarpo alikatwa sehemu ya shavu. Uso ukavutika kushoto, na maneno mengine yakawa yanamteleza. Tumbaku aliiacha, ingawa miezi ya kwanza alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kilichomsumbua zaidi ni aibu ya uso ule. Kanisani aliinamisha kichwa, haimbi tena. Edna akawa anaimba kwa sauti ya watu wawili, hata pale pasipotakiwa. Jumapili ya tatu Polikarpo alimgusa kiwiko.

"Mama Gladness, unaupotosha wimbo."

"Basi ongoza wewe."

Akaongoza. Ubeti wa pili ulimshinda, wakaumalizia pamoja.