Maotea ya Kibonge

Muwa wenyewe ulikuwa na namba ndefu ya kitaalamu, lakini hakuna aliyeitumia. Watu waliuita Kibonge, kwa jinsi ulivyonenepa, na kwa sababu ukiukata kwa panga ulitoa sauti ya kitu kilichoshiba. Aliyeuleta mashambani kutoka kituo cha utafiti alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mtafiti, ambaye kila mtu alimwita Buti. Hata msibani alikwenda na buti zake za mpira. Wifi yake alikuwa akimwambia, "Siku ya harusi yako tutakufunga utepe kwenye buti hizo hizo."

Wifi huyo aliitwa Mama Pacha, maana uzazi wake wa kwanza ulileta wawili. Mumewe, kaka yake Buti, alikuwa dereva wa trekta kiwandani. Alirudi nyumbani amechoka kama gunia tupu, kwa hiyo miwa yao, shamba la juu na la bondeni, ilikuwa mikononi mwa mkewe. Buti alipotafuta mkulima wa kujaribu Kibonge, hakwenda mbali.

Mama Pacha alifuata kila alichoambiwa. Aliacha nafasi pana kati ya mstari na mstari, akapanda maharage katikati. Alimwaga matope meusi yanayobaki kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Majani makavu hakuyachoma, aliyatandaza juu ya udongo ili yashike unyevu. Majirani walipita wakicheka, wakauliza kama siku hizi ameacha kufagia. "Nafagia ndani," aliwajibu. "Shambani nimetandika kitanda."

Mavuno yalipokuja, kicheko kiliisha. Mumewe, mtu aliyebeba miwa ya watu maisha yake yote, alishuka kwenye trekta akasimama tu, mikono kiunoni, akiitazama ile miwa. Kesho yake watu walianza kuja kuomba mbegu. Mama Pacha aliwakatia pingili zenye macho mazuri ya kuchipua, akawapa bila kinyongo. Jirani hanyimwi mbegu.

Buti alifurahi pamoja nao, lakini kulikuwa na kitu kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kibonge kilikuwa hakijapimwa kwa fugwe.

Fugwe ni ugonjwa wa miwa. Muwa ulioshikwa hutoa kileleni mkia mrefu mweusi, mwembamba, uliopinda kama mjeledi, na ule mkia umejaa vumbi. Upepo ukiutikisa, vumbi linasafiri, na kila jicho la muwa litakaloguswa linaweza kuzaa mkia wake. Njia ya kujua kama aina mpya inastahimili ni moja: unachovya mbegu kwenye vumbi lile kwa makusudi, unapanda, unavuna, kisha unasubiri maotea, yaani miwa inayochipua yenyewe kwenye visiki. Maotea hayajui kuficha.

Kabla ya kuitoa mbegu Buti alikuwa ameomba kipimo hicho. Mkuu wa kituo alikataa. "Siwezi kuingiza mwizi nyumbani ili nijue kama mlango unafunga," alisema. Alikuwa mtu mzima aliyekijenga kituo kile tangu kikiwa banda la bati, na watafiti walimheshimu kama baba. Buti hakuomba tena. Akaja akampa wifi yake mbegu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Jua lilikaa juu ya mashamba kama kifuniko. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo, na bomba lake la moshi, ambalo watu walizoea kulitazama ili kujua upepo unakokwenda, lilisimama bure. Visiki vya Kibonge vilikuwa vimeshachipua. Buti alipopita kwenye shamba la majaribio la kituo asubuhi moja, aliona shina moja limetoa machipukizi mengi kupita kiasi, membamba kama nyasi, majani yamesimama wima. Aliinama. Katikati ya majani yale kulikuwa na ncha nyeusi inayoanza kujikunja.

Hakuigusa. Alirudi stoo akachukua mfuko wa plastiki, akauvisha ule mkia taratibu kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala kofia, akafunga chini, ndipo akakata.

Uani mafundi walikuwa wanasimamisha mahema. Wiki iliyofuata Kibonge kingetangazwa rasmi kwa wakulima wote, na wageni wakubwa walikuwa wamealikwa. Mkuu alikuwa ofisini akisoma hotuba yake kwa sauti ndogo. Buti aliuweka mfuko mezani.

Mkuu aliutazama. "Mmea mmoja," alisema.

"Mmoja niliouona."

"Umemwambia nani?"

Buti alitarajia maswali mengi, lakini si hilo. "Hakuna," alijibu.

"Basi ng'oa shina hilo, choma, na tuendelee kuangalia. Baada ya sherehe tutakaa tuzungumze vizuri." Akauchukua ule mfuko, akaufungia kwenye droo ya meza, funguo akatia mfukoni. Akarudi kwenye hotuba yake. 

Buti aling'oa shina, akalichoma. Kisha akabadili nguo zote, akanawa hadi kwenye viwiko, na mchana huo huo akaenda kwa kaka yake.

Mama Pacha alimpokea kwa utani wa kawaida. "Leo umekuja na gauni? Kuna mchumba?" Buti alisema anataka kuona maotea. Wakapita pamoja shamba la juu, mstari kwa mstari. Miwa ilikuwa inachipua mizuri, minene, ya kijani kilichoiva. Buti alichungulia kila shina hadi shingo ikamuuma, na hakuona kitu. Walitoka upande wa pili. Kwa nafuu Buti alicheka hata mzaha ambao haukuchekesha.

Wakakaa barazani. Mama Pacha alileta maji ya kunywa, kisha akainuka kuanua nguo. Alikung'uta shuka moja jeupe, akalikagua, akasonya.

"Kazi ya kufua mara mbili mbili, mimi nimechoka," alisema. "Hili sizi la kiwanda litatumaliza."

Buti alikuwa ameinua kikombe. Akakishusha. "Sizi gani, wifi? Kiwanda si kimefungwa?"

Mama Pacha alisimama na shuka mkononi. Wote wawili wakageuka kutazama kule kwenye bomba la moshi. Juu yake mbingu ilikuwa safi kabisa.

Buti aliliendea lile shuka. Lilikuwa na ukungu wa vumbi la kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi, laini mno. Alipolipitishia kidole lilishika kama unga. "Upepo unatoka wapi siku hizi?" aliuliza.

"Chini. Kwenye lile shamba la bondeni. Kule sijaenda muda, nilikuwa napalilia huku juu."

Walishuka haraka. Kabla hawajafika Buti alishaona. Shamba la bondeni, lililokuwa la kwanza kuvunwa na la kwanza kuchipua, lilikuwa limeota kama nyasi za malisho, na juu ya nyasi zile ilisimama mikia. Si mmoja wala miwili. Ilikuwa kila mahali, mingine mipya na yenye ngozi ya fedha, mingine imepasuka na kubaki ufito mtupu uliokwisha kumwaga kila ulichobeba. Upepo ulipovuma, yote iliinama upande mmoja, kuelekea nyumbani na mashamba ya majirani, halafu ikasimama tena.

"Hivi ni nini?" Mama Pacha aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa.

Buti alimweleza. Alimweleza yote, pamoja na kipimo ambacho hakikufanyika.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale ukingoni, akaivua kanga ya kichwani, akaikunja magotini. "Ulijua haijapimwa," alisema.

"Nilijua."

"Na ukanipa kwa mkono wako. Mimi nikawapa watu kwa mkono wangu." Akatazama mbele. "Ningekuwa si wifi yako, ungekuja leo?"

Buti alitafuta jibu la kweli. "Sijui," alisema.

"Angalau hilo hujanidanganya."

Jioni dereva, ambaye siku hizo alisaidia matengenezo kiwandani, aliporudi walimketisha wakamwambia. Aliuliza kama kuna dawa. Hakuna. Aliuliza kama wanaweza kukata ile mikia tu na kuacha mashina. Buti akasema ugonjwa uko ndani ya kisiki, utarudi. Basi kaka mtu akavua viatu, akavipanga ukutani kwa utulivu usiokuwa wa kawaida yake, akasema, "Kesho siendi kazini."

Kazi ile ilikuwa mbaya kuliko msiba. Walikwenda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mikia waliivisha mifuko kabla ya kukata, visiki wakaving'oa kwa jembe hadi mizizi, kila kitu kikachomwa shimoni papo hapo. Shamba la juu nalo walilirudia. Siku ya pili walikuta humo mkia mmoja, siku iliyofuata mingine.  Mama Pacha aling'oa hata mashina yaliyokuwa mazima, kwa sababu Buti alimwambia uzima ule ni wa macho tu.

Ikafika sherehe. Mama Pacha alikuwa kwenye ratiba kama mkulima wa mfano, wa kutoa ushuhuda. Mkuu hakuwa na habari ya shamba la bondeni. Buti alikwenda kumwambia mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa mkuu yuko na wageni. Mkuu alisoma hotuba yake vizuri, akapigiwa makofi, kisha akamkaribisha "mama huyu aliyetuonyesha njia."

Mama Pacha alipanda jukwaani na uso wa mtu aliyekwenda kutambua maiti. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Hakushika kipaza sauti.

"Mimi miwa sina tena," alisema. "Nimeing'oa yote, mimi na mume wangu na wifi yangu. Ilikuwa na ugonjwa. Mliochukua mbegu kwangu, nawaomba mkaangalie mashamba yenu leo. Mkiona mkia mweusi, msiuguse mikono mitupu, msiupige, msiuburute. Njooni mniite. Nitakuja kung'oa na nyinyi."

Hapakuwa na makofi. Mkuu alibaki ameinamisha kichwa. Buti alidhani atasimama kukanusha, lakini alipoinuka, aliita mafundi na kuwaambia washushe mahema. Jioni ile aliifungua droo, akautoa ule mfuko, akaupeleka mwenyewe tanurini. Mwezi haukuisha akaomba kustaafu. Alipoaga hakuwatazama watu machoni.

Wapo waliomwita Mama Pacha, naye akaenda, jembe begani. Lakini wapo waliosema maneno mengine. Fundi baiskeli wa njia panda, ambaye shamba lake lilipakana na lile la bondeni, alisema hadharani kwamba yule mwanamke ameshavuna na kushiba, sasa anataka kuwafungia wenzake mlango. "Muwa wangu mzima," alisema. "Kuna vimkia viwili vitatu. Hata mbuzi ana mkia."

Buti alikwenda kumbembeleza. Alikwenda dereva, alikwenda mjumbe wa ushirika. Fundi aliwapa viti, akawasikiliza, akaendelea kukaza spoku.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maotea ya pili ya fundi yalitoka majani matupu, na shamba lake lote likawa jeusi juu kama lililoungua bila moto. Siku za upepo wanawake wa mtaa ule waliacha kuanika nguo nje. Hatimaye fundi alikuja mwenyewe kwa Mama Pacha, akasimama mlangoni, akasema, "Njoo na jembe lako." Mama Pacha akaenda. Hakumkumbusha neno hata moja.

Shamba la bondeni halikupandwa muwa wa kawaida tena. Walilipanda maharage, udongo upumzike. Kisha Mama Pacha ndiye aliyetoa wazo, siku moja wakipukuchua maharage. "Wifi, kile kipimo chenu kinachotaka uchafu. Uchafu si tayari tunao kule bondeni?"

Kituo, chini ya mkuu mpya, kilikubali. Shamba lilizungushiwa uzio na mtaro, na aliyetoka humo alibadili nguo na kuosha buti kwa dawa. Buti alileta aina nyingi mpya, kila moja kifurushi kidogo, akazichovya mbegu zake kwenye vumbi jeusi mbele ya macho ya wifi yake. Wakazipanda, wakazivuna, wakasubiri. Nyingi zilitoa mkia. Hizo walizing'oa. Chache, nyembamba na zisizo na sura, zilisimama safi, msimu wa kwanza na wa pili. Hazikuwa na unene wa Kibonge, na hakuna aliyezipa jina. Buti alikataa kumpa mtu yeyote hata pingili moja. Watu walikuja kuomba, naye akawarudisha mikono mitupu, wakaondoka wakisema amekuwa mchoyo.

Alikuwa mle ndani ya uzio asubuhi moja, akihesabu machipukizi, simu ilipoita. Namba hakuijua. Sauti ilikuwa ya mwanaume mstaarabu, na alitaja mahali ng'ambo ya mto, siku nzima kwa gari, ambako Buti hakuwahi kupeleka mbegu wala kusikia kwamba imefika.

"Samahani, mama, nimepewa namba yako na mtu. Tuna muwa mnene sana huku, alituletea shemeji yangu. Mwaka jana ulitupa mavuno ya ajabu. Sasa nilitaka kuuliza, hivi ni kawaida yake kuchanua?"

Buti alimtazama wifi yake upande wa pili wa mtaro. Mama Pacha aliuona uso ule, akaweka chini alichokuwa nacho.

"Maua yake yana rangi gani?" Buti aliuliza.

Kabla hajajibiwa alisikia kwenye simu upepo, mkubwa, ukipita katika majani mengi.