Mwizi wa Biskuti na Kamera ya Stoo

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi, mwaka wa tisa huu, na sikuwahi kufunga kamera za kunikamata mwenyewe. Jamani, kuolewa kuna mambo!

Mama mkwe alikuta kopo lake la biskuti limebaki chenga. Akanitazama mimi. "Kabla hujaja humu ndani," akasema, "kopo lilikuwa linamaliza mwezi." Akafunga stoo, ufunguo akauning'iniza shingoni, nami mtu mzima nikawa naomba sukari ya chai kama mtoto. Kwa kuwa tangu afunge biskuti hazikupungua tena, basi, kesi imekwisha: mwizi ni mimi. Jumapili mashangazi wa mume wangu wanakuja kunikalisha kikao. Mume wangu yuko safari ya kikazi, kanipigia simu eti nivumilie. Nivumilie nini?

Nikamwambia mama mkwe, "Nafunga kamera nyumba nzima. Mwizi atajileta mwenyewe."

"Funga," akasema. "Lakini nakukalia hapa hapa."

Kweli akavuta kiti mpaka chini ya ngazi. Ngazi alinishikia baba mkwe, mzee wangu wa watu, ambaye mwaka wa pili sasa daktari kamkataza vitu vitamu. Mama mkwe humsifia kwa majirani wote jinsi anavyojua kujizuia. Na siku hiyo hakuna aliyepiga kelele kumshinda mzee. "Mwizi akamatwe! Hata awe nani!"

Nikatambaa darini navuta nyaya, utando wa buibui mpaka mdomoni. Nilipotoboa ukuta mama mkwe alilalamikia vumbi, nilipoacha kutoboa akauliza mbona napumzika. Nilianza na stoo, ikabidi aifungue na kuiacha wazi mpaka nimalize. Nikaweka humo kamera ndogo ya duara, yenye spika na kinasa sauti, nikaiunganisha, kisha nikafunga na zile nyingine.

"Fundi, tayari?" baba mkwe akaniuliza kwa upole.

"Bado sana, Baba. Nina matundu ya kuziba."

Sasa, watu wengi wana imani moja: kamera haioni mpaka fundi akusanye vyombo vyake aondoke. Kumbe baba mkwe naye ni wa dini hiyo.

Tukakaa sebuleni, mimi na mama mkwe, kujaribu skrini. Getini, kuku wanachakura. Barazani, viatu. Koridoni, ukuta mtupu. Stoo, baba mkwe, kakumbatia kopo, anatupia biskuti mdomoni mbili mbili.

Mkono wangu ukaenda kwenye waya. Nilitaka kuuchomoa, sisemi uongo. Yule mzee ndiye pekee aliyeniita mwanangu tangu niingie nyumba ile. Halafu nikawakumbuka mashangazi. Mkono ukabaki hewani.

Naye, badala ya kuondoka, akaisogelea kamera. Akaifuta vumbi kwa shati lake, kazi ya mkwewe ipendeze. Akajiona kwenye kioo chake, akaanza kupangusa chenga kwenye masharubu. Skrini nzima ikawa tundu la pua.

Mama mkwe akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. Kisha akauliza, "Cha kuongelea ni kipi?"

Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza.

"WE!"

Kile kispika kinakoroma, sauti ikitokea humo hata mwenyewe huijui. Kopo likaanguka. Baba mkwe akapiga magoti juu ya biskuti, macho darini.

"Ee Mungu wangu, ni mimi! Za mwezi huu, za mwezi uliopita! Na asali! Na ile keki ya wageni niliyomsingizia paka! Na mke wa mwanangu, maskini, nimemwacha abebe lawama, wala hajaonja hata moja!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine yalikuwa ya kulia kweli. Mama mkwe akavua kile kikamba shingoni, kikanasa kwenye kilemba, akakivuta kwa hasira, akaniwekea ufunguo kiganjani bila kunitazama.

"Jumapili nitaongea mimi," akasema. Kwake yeye, hapo ameomba radhi.

Kwenye skrini mzee bado kainua mikono.

"Ila Mungu wangu, ombi moja tu. Mke wangu asijue."

Mama mkwe akabonyeza tena.

"Anajua."