Sanduku la Shaba la Casimir

Clotilde alikuwa mtu wa usafi, na usafi huohuo ndio uliomponza. Kambi nzima ya Panda, pale Likasi, ilijua kwamba uchafu haulali nyumbani kwake.

Mumewe, katekista Casimir, alifariki akiacha nyimbo za kanisa kwa lugha ya Kisanga. Alizitunga kitandani, kichwani tu, na siku za nafuu akakokotwa hadi parokia kuziingiza kwenye kompyuta. Utepe wa wino wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekwisha, kwa hiyo hazikupata karatasi. Zilibaki ndani ya diski ngumu, lichuma zito kama tofali. Kompyuta ikaharibika, na ile nyingine ya parokia haikuwa na nafasi ya kuliweka ndani. Basi Mathieu, mdogo wa marehemu, fundi umeme kiwandani, akalitengenezea sanduku la shaba la kuunganishwa na kompyuta kwa nje. Likasi utakosa vyote, jamani, shaba huikosi! Chini ya diski, penye nyaya na ncha za risasi ya kulehemu zilizo wazi, akatandika vipande vya mpira wa baiskeli, vikuukuu, vyeusi.

“Yaya, usifungue,” alimwambia shemeji yake, akimwita dada mkubwa kwa heshima. “Minye mwenyewe nitafungua.”

Hakusema kwa nini. Nani anamweleza mjane mambo ya umeme, machozi hayajamkauka?

Ikakaribia siku ya kumaliza kilio. Utepe mpya ulikuwa umepatikana: Jumamosi nyimbo zichapwe, kwaya ijifunze, Jumapili ziimbwe, angalau jina la Casimir lisizikwe naye. Na kwa kuwa siku hiyo kila kitu cha marehemu husafishwa, Clotilde alifua makoti, akang'arisha viatu, akapiga pasi hata leso. Likabaki sanduku. Angeliachaje?

Akalegeza skrubu, akauona ule mpira.

“Aa, Mathieu! Taka hii ndani ya kitu ya kaka yako?”

Akautupa. Akasugua shaba kwa limau na majivu, akaikausha vizuri, akailaza diski palepale juu ya shaba tupu, akakaza. Lilimeremeta! Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, moyo wake ukatulia.

Jumamosi, parokiani, Mathieu akawasha umeme. Pah! Moshi ukatoka sandukuni. Akazima haraka, akafungua, akachungulia chini ya diski.

“Yaya, mpira iko wapi?”

“Nilitupa. Ilikuwa chafu.”

Hakumgombeza. Heri angemgombeza.

“Njo ile mpira ilikuwa inazuia umeme isiguse shaba,” alisema taratibu. “Diski imeungua, Yaya. Hapa hakuna muntu wa kuitengeneza.”

Clotilde akaketi sakafuni, akalia kuliko siku ya mazishi. Siku ile alimzika mume tu.

Jumapili kwaya iliimba nyimbo za kitabuni. Kisha padri akamwomba mjane aimbe walau wimbo mmoja wa mumewe. Clotilde alijua kiitikio kimoja, kile Casimir alichokuwa akikiimba kitandani huku yeye akikoroga uji. Akakiimba. Kanisa likakipokea kwa sauti kubwa, kisha likanyamaza, likingoja ubeti.

Ubeti hakuwa nao. Akaimba kiitikio tena. Watu wakapokea tena, wakangoja.