Njoo Tungali Hai

Mimi hutunga nyimbo. Sikusoma sana, na nota sizijui. Nikipata wimbo nauimba mpaka wengine waushike. Nimetungia harusi, wanasiasa, hata duka moja la magodoro. Lakini ule wimbo wa Krismasi unaoimbwa sasa kila Desemba, kuanzia Jilore hadi Sabaki, nilimtungia mtu mmoja tu: ndugu yangu Kalume.

Kalume ni mpishi katika hoteli moja ya Malindi. Kutoka kwake hadi kwetu Jilore si safari ya kufungashia chakula. Ila Krismasi wageni hujaa, na meneja hatoi ruhusa. Ruhusa ni ya maziko peke yake. Ami yetu alipofariki, Kalume alifika kabla ya maiti. Mama alimtazama akichuna ng'ombe wa matanga, akasema, "Huyu na mimi atanijia nikishakufa."

Mwezi wa Novemba akaniita. "Masha, Krismasi hii namtaka Kalume hapa, ale nami. Wewe si ndiye mwenye mdomo? Mwite."

"Nimempigia simu, Mama. Anasema kazi."

"Simu ataizima. Mtungie wimbo tuone ataukimbilia wapi."

Nikatunga. Maneno hayakunisumbua:

*Njoo tungali hai, njoo tule pamoja,*
*usingoje jeneza likuite.*

Nikaupeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Hatukumaliza hata ubeti. Mama Cynthia, jirani yetu anayepiga kayamba, aliliweka chini.

"Mimi sipigi."

"Kuna nini?"

Mwalimu Japheth, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyenijibu. "Masha, huo ni mdundo wa matanga."

Ulikuwa wa matanga kweli, na mimi sikuwa nimeusikia. Nilikuwa namuwaza Kalume, na Kalume tunamwona matangani, basi ukaja na mdundo wake.

"Ukipiga hivi na hakuna maiti, unaiita," Mama Cynthia akasema. Wanawake wenzake wakaitikia. Japheth akasema tuuache, turudi kwenye nyimbo za kitabuni.

Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma. Akasimama.

"Maiti gani? Mkubwa wenu nyote humu ni mimi. Kama kuna wa kuitwa, ni mimi, na sijaogopa. Piga, Mama Cynthia."

"Zipporah, usinichekeshe kanisani."

"Cheka, lakini piga."

Akapiga huku mabega yanamtikisika kwa kicheko, na mkono ukawa unakimbia. Mdundo ukaharakisha. Ule uzito wote ukatoka. Wanawake wakaanza kuyumba, Japheth akasahau kitabu chake. Mimi niliandika maneno tu. Ile raha iliyomo ni ya Mama Cynthia.

Mtu alitunasa kwa simu. Kabla ya Krismasi vijana wa bodaboda walikuwa wakiuimba. Kalume akanipigia.

"Masha, umenianika! Wapishi wenzangu wananiimbia nikikata vitunguu."

"Utakuja?"

"Kazi, ndugu yangu." Akakata.

Siku yenyewe tulitoka kanisani, pilau ikapakuliwa. Mama hakuigusa yake. Nilimwambia ale, akaniambia nishughulike na tumbo langu.

Mchana ukiwa umesimama, bodaboda ikaingia uani. Akashuka Kalume, na nguo zake nyeupe za jikoni, mchuzi umemrukia kifuani. Mama Cynthia akamwona, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Woi! Nani amekufa?"

Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akaanza kulia kabla hata ya kujua anamlilia nani.

"Hakuna aliyekufa!" Kalume akapaza sauti. "Nimekuja kula!"

"Na meneja?" nikamuuliza.

"Nilimwambia mama yangu ananingoja. Akaniuliza, amefariki? Nikamwambia bado."

"Bado!" Mama akasema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Akatazama saa yake. Halafu akasema nirudi kabla ya chakula cha jioni."

"Basi unapoteza wakati kuzungumza. Kaa."

Akamsogezea sahani yake mwenyewe, wakaila wote wawili, vidole vinagongana ndani ya wali. Mama Cynthia, kwa furaha, akachukua kayamba, akaanza ule wimbo. Mama hakuinua hata kichwa.

"Weka chini hilo. Ameshafika, unamwita nani?"