Wahusika Tu

Kitu cha kwanza alichokiona dada mtu ni kwamba watu wote waliochorwa na mdogo wake walificha mikono. Fundi cherehani aliificha chini ya kitambaa, mkunga nyuma ya mgongo, mzee wa posta mifukoni.

"Hawa wanasikia baridi?" aliuliza huku akisugua sufuria.

"Mikono inanishinda, dada. Vidole vinatoka kama karoti. Na mwalimu kasema, wahusika wangu wasipokuwa na mikono, sihitimu."

Dada mtu hakuwa wa maneno mengi. Aliachia shule darasa la tano, mama yao alipofariki, akabaki na mtoto wa kulea na sakafu za watu za kupiga deki. Alijifuta mikono, akavuta kiti, akaiweka mezani.

"Chora hii."

Alikaa hivyo jioni tatu. Mdogo mtu alichora, akafuta, akachora tena, mpaka ufutio ukabaki kama punje ya mahindi. Hata kovu la kidole gumba, pale dada alipowahi kujikata akimenya viazi, alimchorea kila mhusika.

Mkono wa mwisho ulipokamilika, fundi cherehani alikunja vidole kuvijaribu, akashuka kwenye karatasi, akaomba maji. Dada mtu akampa. Wenzake wawili nao wakashuka. Kikombe kilikuwa kimoja, wakapokezana.

"Watavaa nini kwenye mahafali?" aliuliza dada mtu.

"Si wamevaa tayari," alisema mdogo mtu. "Mkunga tu ndiye sikummalizia kiatu."

Siku ya mahafali mdogo mtu alitangulia. Dada mtu na wahusika wakafuata kwa miguu, mkunga akichechemea kidogo. Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na kibao: WAHUSIKA TU.

"Nyie ni nani?" aliuliza mlinzi.

"Wahusika," alijibu mzee wa posta.

Mlinzi aliwatazama, akaona ni kweli. Aliwasihi tu wasiegemee ukuta, maana penseli inachafua rangi. Wakaingia.

"Na wewe?"

"Mimi... dada wa mhitimu mmoja."

"Kibao kinasema wahusika, dadangu. Sikukiandika mimi."

Basi akaenda kusimama dirishani. Alimwona mdogo wake akiitwa, joho likiburuzika kama pazia. Mwalimu aliinua mikono ya wahusika juu, kila mtu aione.

"Tazameni mikono hii!" alisema. "Hiki ni kipaji kitupu."

Wahusika wakapiga makofi kuliko ukumbi mzima. Nje ya dirisha, viganja vya dada mtu vikawasha, vikapata moto, mpaka akaanza kucheka peke yake.

Walipotoka, mdogo mtu alimrukia, kofia ikadondoka.

"Dada! Umeona? Nimepita!"

"Nimeona. Nimeona yote."

Mzee wa posta aliiokota kofia, akaijaribu, ikamkaa vizuri. Mkunga akamwambia aivue, si yake. Mlinzi alipitisha kitambaa kwenye alama za penseli mlangoni, kisha akakinyoosha kibao kilichokuwa kimeinama.

Dada mtu alikuwa na furaha. Alifungua mdomo aseme hongera, kama alivyojiandaa tangu asubuhi. Kikatoka kingine, kwa sauti iliyomfanya hata mlinzi ageuke:

"Na mimi shule nilikuwa naipenda."