Pakiti Isiyo na Gundi

Mwaka 2005, Mama Evarista alipojiandikisha kurudi Burundi, alinijia na shida ambayo mimi, kwa kiburi changu, niliiona ndogo. Katika ukoo wao, mbegu za msafiri hazifungwi na msafiri mwenyewe. Hufungwa na anayebaki, ndani ya karatasi inayokunjwa mikunjo saba hadi ijifunge yenyewe, bila gundi wala uzi. Kila malori yalipoondoka kambi ya wakimbizi ya Lukole kuelekea mpakani Kabanga, yeye ndiye aliyewafungia wenzake maharage yao. Sasa zamu yake imefika, na hakuna anayejua kumfungia.

"Nina wiki tatu," alisema. "Nataka nikae na wanawake niwafundishe."

Nikamwambia asijisumbue. Mimi ni Renatus, Mhangaza wa hapahapa Ngara, na wakati ule nilikuwa nafundisha kompyuta katika kituo cha ufundi kando ya kambi. Kompyuta zilikuwa nne, moja mgonjwa wa kudumu. Humo nilikuwa natengeneza programu ya kukunja karatasi: unashika kona kwa kipanya, unaivuta, na karatasi kwenye skrini inajikunja mbele ya macho yako. Ndege na mtumbwi nilishaviweza.

"Kwa mkono utafundisha watu watano," nilisema. "Kompyuta itafundisha mia."

Alikubali kwa sababu mimi ni mwalimu, na kwake mwalimu habishiwi. Hilo nililielewa baadaye, na bado linaniuma.

Siku ya kwanza alikuja na bakuli la maharage ya kila rangi. "Shikamoo, mama," nikasema, na kabla hajamaliza kuitikia nikamzuia mlangoni. Humu vyakula haviingii, nikamweleza, wadudu na vumbi vitaua mashine. Akaliacha bakuli nje. Akakunja karatasi tupu, mimi nikapima pembe na kuandika. Kila akifika mkunjo wa tano mkono wake ulisita kidogo, kisha ukaendelea. Nilidhani ni uzee.

Kilichonisumbua ni mkunjo wa saba. Kona ya mwisho inatakiwa kupita chini ya ukingo na kubana hapo, lakini kwenye skrini ilipenya katikati ya karatasi kama mzimu. Nikaandika sharti kwamba karatasi isipenye karatasi; kona ikagoma kuingia kabisa. Wiki mbili nilipigana nayo. Mwishowe nikalegeza sharti kidogo, kona ikakaa, nikajipongeza. Kumbe nilikuwa nimeifundisha kompyuta kudanganya.

Jumanne, siku mbili kabla ya safari, niliita wanawake sita. Walifuata skrini mkunjo kwa mkunjo, pakiti zikatoka nzuri za kupendeza. Claudia, jirani yake Evarista, akaenda nje na yake, akafungua mdomo wa pakiti, akamimina maharage, akafunga tena na kuitikisa. Kona ikachomoka, maharage yakatawanyika. Ya pili vilevile. Zote sita.

Nikawaka. Nikamgeukia mama wa watu mbele ya wenzake: "Mbona hukuniambia kuna kitu kimebaki?"

Alijibu taratibu. "Maharage yanaingia kwenye mkunjo wa tano. Tumbo la karatasi likijaa ndipo linaisukuma ile kona, inabana. Ulisema maharage hayaingii humu, mwana wanje, mwanangu. Nikadhani kompyuta yako ina njia yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalizaliwa na ndevu kabisa. Mwanamke huyu alikuwa na wiki tatu, na mimi nilizila zote.

Nilizima jenereta. Tukatandika turubai uani, wanawake sita na mimi, na Evarista katikati na bakuli lake. Tulikunja karatasi za fomu za zamani Jumanne yote iliyobaki, na Jumatano tena. Kwenye programu yangu ukikosea unabonyeza, kosa linafutika. Uani kosa lilibaki mstari, na maharage yalimwagika hapohapo. Wanawake walinicheka kwa vidole vyangu, na walikuwa na haki. Claudia aliiweza Jumatano mchana. Mimi, kati ya pakiti tisa, moja ilishika.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye malori kumuaga. Claudia alikuwa amesimama naye, nikajua kazi imekwisha. Lakini Evarista alifungua kitenge, akatoa karatasi na maharage, akanipa mimi.

"Mpe Claudia," nikasema. "Yangu itamwagika njiani."

"Claudia anaondoka mwezi ujao. Hawa wote wataondoka." Akanitazama kana kwamba ananieleza jambo ambalo mtu mzima alipaswa kulijua. "Anayebaki ni wewe."

Nikakunja juu ya bodi ya lori. Kwenye mkunjo wa tano nikamimina. Kona ikaingia, ikabana. Evarista aliitikisa sikioni, akaitia kifuani, akapanda.

Mwezi uliofuata nilimfungia Claudia. Baada yake nikawafungia wengine, lori kwa lori, hadi kambini hakukubaki mtu wa kufungiwa.