Radi Anapokunywa Maji

Ubishi ulianzia mlangoni, viti havijajaa bado, na aliyeuchokoza alikuwa Kinyozi. Alikuwa na kawaida ya kuja kwenye banda la video la Shangazi moja kwa moja kutoka kazini, mkasi umechomoza kwenye mfuko wa shati kama silaha ya askari aliyesahau kuirudisha ghalani.

"Leo nasema kwa mara ya mwisho," alitangaza. "Katika filamu zote za mashujaa wanaoruka, hajazaliwa adui wa kumfikia Jivu. Anachoma mji mzima na hajakunja hata mkono wa shati!"

"Na stelingi je, shujaa mwenyewe?" aliuliza Fundi Viatu, rafiki yake wa kubishana. "Kimondo si ndiye aliyempiga huyo Jivu wako mpaka akamkumbuka bibi yake?"

"Stelingi hata wewe ungeweza kuwa, ila sura ndiyo imekuangusha. Anapigwa nusu ya filamu, anapiga nusu iliyobaki, basi, kwisha kazi. Adui ndiye chumvi, bwana. Bila adui, Kimondo ni mtu mzima aliyevaa nguo za kubana."

Watu wakacheka.

"Na wanawake?" iliuliza sauti kutoka kwenye meza ya tiketi.

Wakageuka. Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, ambaye watu wote wa banda walimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema hakuna wa kumsimamisha mpaka uzi uishe. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, kufagia, na kujaribisha filamu mpya asubuhi kuona kama hazikwami. Kazi aliyoitaka ilikuwa nyingine. Aliitaka maiki. Mara mbili alikuwa amemwomba Shangazi, na mara mbili Shangazi alikuwa amesema, "Tutaona," neno ambalo kwa watu wazima maana yake ni sahau.

"Wanawake wa filamu hizi ni maua ya mezani," Kinyozi alijibu. "Yanapendeza, lakini nani aliwahi kushiba maua? Mchukue Mke wa Jivu. Anaingia, analia, anatoka. Anarudi, analia tena. Yule hahitaji shujaa, anahitaji leso."

"Si mke wa Jivu," alisema Cherehani. "Ni Daktari. Na ndiye adui mkuu wa filamu nzima."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Fundi Viatu alishika ukuta asianguke.

"Dada, mimi nina vitabu vyenyewe," alisema Kinyozi, akijifuta machozi. Ilikuwa kweli. Vitabu vya picha ambavyo filamu ile ilitokana navyo alivihifadhi dukani kwake chini ya taulo safi, na mteja hakuruhusiwa kuvigusa bila kunawa mikono. "Kitabuni mwanamke huyo yumo kwenye kurasa mbili. Wa kwanza analia, wa pili anaanguka kutoka ghorofani. Hata jina hawakumpa."

"Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu. Waliotengeneza filamu wamemtoa kwenye kurasa zake mbili, wakampa kiti cha mbele."

"Mbona sisi hatujamwona amekikalia?"

"Kamuulize Kaka Radi."

Kinyozi akatikisa kichwa, maana Kaka Radi hakuwa mtu wa kuulizwa. Yeye ndiye aliyekuwa msimuliaji wa banda. Filamu zilikuja na lugha zake za kigeni, naye alikaa pembeni ya kioo na maiki mkononi, akashusha sauti ya filamu na kupandisha yake, akawa Kimondo, akawa Jivu, akawa polisi, akawa helikopta. Alikuwa na sauti ya kubomoa nyumba. Watu walikuja kumsikiliza yeye kwanza, filamu baadaye.

Lakini kusimulia kunakausha koo, na Radi alikuwa na glasi yake ya maji. Aliyeijaza glasi hiyo kila siku alikuwa Cherehani, na kwa kuijaza ndipo alipogundua jambo ambalo banda zima halikuliona. Radi hakunywa wakati wa ngumi. Hakunywa wakati wa magari kupinduka, wala mkuu wa polisi alipokuwa akifoka. Alisubiri mwanamke aanze kusema. Hapo alitupa sentensi moja, "Huyu mama analalamika hapa, tusubiri vita," kisha akainua glasi. Alipoishusha, mwanamke naye alikuwa amemaliza. Kwa miaka yote hiyo, hakuna mwanamke wa filamu aliyewahi kuzungumza katika banda lile kwa muda uliozidi mafunda matatu ya maji.

Cherehani aliyajua maneno yaliyomezwa kwa sababu asubuhi, akijaribisha filamu peke yake huku ufagio uko mkononi, aliyasikia yote. Lugha ya filamu ile alikuwa ameifukuzia shuleni mpaka akaikamata shingo.

"Niulizwe nini?" Radi alikuwa amefika nyuma yao, miwani nyeusi usoni.

Cherehani alishayavulia maji nguo. "Kaka Radi, kwa heshima zote. Kila mwanamke anapofungua kinywa, wewe unakifungua chako kwa maji. Daktari ana maneno mengi kuliko Jivu na Kimondo wakiunganishwa. Watu hawa wanambishia mtu ambaye hawajawahi kumsikia."

"Eh!" alisema Fundi Viatu, kwa sauti ndogo.

"Koo ni langu, binti," alisema Radi. "Na nakufundisha bure: watu hawalipi kiingilio kusikiliza mama mmoja akiongea jikoni. Wanalipia vita. Ukiwapa maneno matupu, viti vitabaki vinakusikiliza vyenyewe."

"Nipe maiki tuone."

Neno lilishatoka, halirudi. Wote wakamtazama Shangazi, ambaye alikuwa amejitokeza na rundo la tiketi, uso hauna habari. Shangazi hakuwa mtu wa kelele. Aliliendesha banda lile kama wanawake wengine wanavyoendesha sufuria: moto mdogo, kifuniko kimekaa.

"Jumamosi mchana," alisema, "kabla hatujaonyesha sehemu ya pili, tutairudia ya kwanza. Mwanangu, utaisimulia wewe. Watu wakikaa mpaka mwisho, sehemu ya pili ni yako. Wakitoka, utarudi kwenye meza yako, na habari ya maiki sitaki kuisikia tena. Si mwaka huu, si mwakani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi."

"Na maji atakujazia nani?" Kinyozi aliuliza, na kicheko kikaanza upya.

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti ya soda. Nusu yao walikuja kuona filamu, nusu walikuja kuona aibu. Hata Muuguzi wa zamu alikuwepo, mama mnene mwenye viatu vyeupe ambaye hulipa kiingilio ili asinzie kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa nyumbani wajukuu hawamwachi alale. Radi alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

Cherehani alishika maiki na kufanya kosa ambalo kila mwanafunzi hufanya: alimwiga mwalimu. Kimondo alipopasua mawingu, alivuta pumzi na kunguruma kama Radi. Sauti ikapanda, ikakwama katikati, ikashuka kwa mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

"Mpeni dawa ya kikohozi!" mtu alipiga kelele.

"Kimondo amepata mafua!"

Fundi Viatu akasimama kutafuta njia. Kijana mmoja akamfuata. Cherehani akaishusha maiki. Akatazama nyuma, akamwona Radi anatabasamu, akamwona na Shangazi mlangoni, ambaye hakutabasamu wala hakununa. Alikuwa tu amekaa kwenye meza ya tiketi, kwenye kiti kile ambacho Cherehani angekirudia.

La, hapana. Akakisogeza kiti chake karibu na kioo, akashusha sauti, akasema kama anavyosema siku zote, mbio mbio, sindano ndani sindano nje:

"Kaa basi, Fundi, usinizibie kioo, mgongo wako si filamu. Tazameni pale nyuma ya Kimondo. Mnamwona mwanamke mwenye koti jeupe? Mmempita mara ngapi? Ndiye anayeifunga ile nguo ya kubana. Angalieni mkono wake. Skrubu moja anaitia mfukoni."

Fundi Viatu akatazama. Kweli, skrubu ilikuwa pale, na ilikuwa pale siku zote. Akakaa taratibu, kama mtu aliyekaa juu ya yai.

Kuanzia hapo uzi ukashika. Ngumi alizisimulia kwa ufupi na kwa utani: "Hilo la kushoto limempata, hilo la kulia limempata ukuta." Watu walicheka, lakini sasa walicheka pamoja naye. Kisha ikaja ile sehemu. Jikoni, meza moja, taa moja. Daktari ameketi, Kimondo amesimama, na nje mji unaungua. Mahali pale pale ambapo Radi huinua glasi.

Cherehani hakunguruma. Alisema polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Keti, Kimondo. Unamtafuta aliyeuchoma mji? Jivu ni mwanafunzi wangu. Yeye nilimfundisha kuwasha, wewe nikakufundisha kuzima. Kila mmoja wenu ana jina na watu wa kumshangilia. Aliyenunua kiberiti hakuna aliyemuuliza jina."

Kreti moja ililia, aliyeikalia akaikandamiza inyamaze.

"Zamani niliwaendea wakuu wa mji. Nikawaambia, ukuta wa bwawa una ufa, nimeupima mwenyewe. Wakasema, asante Daktari, tumekusikia. Nikarudi tena. Asante Daktari. Ukuta ulipobomoka mtoto wangu alikuwa shuleni, upande wa chini. Hapo nikajifunza kitu, Kimondo. Watu hawa hawasikii maneno. Wanasikia mlipuko. Basi nikawapa walichozoea kusikia."

Kwenye kioo, Kimondo alikaa. Kwenye kiti cha pembeni, Muuguzi alikuwa macho makavu, hajasinzia hata kidogo.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe alikuwa na mtoto."

Hapo ndipo lilipotokea jambo lisilowahi kutokea katika banda lile. Kinyozi akasimama, mkasi mfukoni, mkono juu.

"Rudisha nyuma!"

Watu walizoea kuomba hivyo kwa teke zuri, au gari likiruka daraja. Hakuna aliyewahi kuomba arudishiwe mwanamke aliyekaa anaongea.

"Rudisha nyuma!" Fundi Viatu akadaka. "Toka pale kwenye kiberiti!"

"Rudisha! Rudisha!" banda zima likaitikia, miguu ikipiga sakafu.

Cherehani akarudisha, akasema upya, na safari hii baadhi yao walimalizia naye, "Wanasikia mlipuko!" kwa sauti moja, vumbi likishuka kutoka kwenye mabati.

Vita vya mwisho vilipoanza, Kimondo na Jivu wakirushiana majengo, koo la Cherehani lilikuwa limekauka. Akahisi mtu ubavuni. Alikuwa Radi. Miwani alikuwa ameivua, na mkononi alishika glasi yake, imejaa.

"Kunywa, mdogo wangu," alisema. "Koo ni lako."

Cherehani aliipokea. Akatazama kioo, ambapo wanaume wawili walikuwa wakikunjana mashati juu ya mnara. Akasogeza maiki mdomoni.

"Hawa wababa wanalalamika hapa," alisema. "Tusubiri Daktari."

Akainua glasi, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, huku banda likipasuka kwa kicheko na vigelegele hadi wapita njia wakasimama nje kuuliza kuna nini. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Radi, na sauti yake, kama mnavyoijua, ilikuwa ya kubomoa nyumba.

Hakuna aliyetoka. Wakati wa kubadilisha filamu Shangazi alipita kati ya viti, akampa Radi rundo la tiketi, na kumwonyesha kwa kidevu meza ya mlangoni. "Sehemu ya pili unakata wewe," alimwambia. "Mwanangu ana kazi."

Na nje, kwenye foleni iliyokuwa imeshapinda kona, Kinyozi alikuwa amemkamata Fundi Viatu ukosi.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho, hajazaliwa adui wa kumfikia Daktari!"

"Adui wapi? Yule ndiye stelingi!"

"Stelingi anachoma mji?"

"Si waliambiwa ukuta una ufa?"